Taya la Mama Kui

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tatu, Ngendo alikuwa amesimama jikoni kwake Gatongora, pale Ruiru, akionja uji kama una sukari, na kijiko kikakatika mdomoni. Alikitoa kile kipande cha mbele, akakisuuza, akakiweka juu ya kabati pamoja na vipande vingine vinne. Uji ulikuwa na sukari ya kutosha.

Mumewe, Gachau, ambaye ni fundi wa vigae, alikuwa ameketi kwenye stuli akifunga kamba za buti. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama kilichokatika ni kile kikubwa cha kupakulia ama ni vile vidogo vya chai. Ngendo akasema ni kidogo. Gachau akasema basi afadhali, maana kile kikubwa walipewa na mama yake siku ya arusi.

"Wiki ya orodha imefika, Mama Kui?"

"Ijumaa."

"Haya. Mimi nitakunywa hivi hivi," akasema Gachau, na akainua kikombe.

Wiki ya orodha ilijulikana katika nyumba hiyo vile watu wengine wanavyojua msimu wa mvua. Ngendo alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha makadamia kule Thika, na alikuwa kibarua huko kwa miaka kumi na mmoja. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha, Ijumaa saa kumi jioni, karatasi ilibandikwa getini ikiwa na majina ya watakaorudi Jumatatu. Aliyejiona alienda nyumbani akapika. Asiyejiona alienda nyumbani pia, lakini polepole. Ngendo alikuwa amejiona mara arobaini na tatu, na hakuna hata mara moja aliyojua mapema.

Alichotaka ni kitu kimoja tu. Alitaka barua ya kudumu, ile karatasi yenye mhuri inayosema mtu huyu ni wetu, akiugua tutamngoja, na mwezi wa kwanza anajua mwezi wa nne atakuwa wapi. Waliokuwa nayo pale kiwandani aliwajua kwa majina, wote sita. Walitembea tofauti na wengine. Walikuwa hata wanapiga chafya bila kuangalia nyuma kuona kama msimamizi amesikia.

Huko kiwandani kazi ya Ngendo ilikuwa kuketi kando ya mkanda unaotembea na kuchagua. Makadamia ni tunda lenye ganda gumu kama jiwe la mtoni. Mashine kubwa huyapasua kwanza, kisha viini vyeupe hupita juu ya mkanda mbele ya wanawake sitini, na wao hutoa vile vibaya, vile vyeusi, na vipande vya maganda. Kiini kizima hupendwa sana na wanunuzi. Kilichovunjika kinaenda kukamuliwa mafuta. Na sheria kubwa kuliko zote, iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, ilisema hakuna mfanyakazi kutia makadamia mdomoni. Anayeonekana anatafuna hangoji Ijumaa.

Wiki hiyo kila mtu alikuwa na yake. Dianah, aliyekaa kushoto kwa Ngendo, alikuwa na mabega. Jumatatu mabega ya Dianah yalifika masikioni. Jumanne yalifunika masikio, na ukitaka kumwambia kitu ilibidi umguse. Kufika Alhamisi yalikuwa yamepita kichwa, na Dianah alichungulia katikati kama mtu aliyelala kati ya mito miwili. Wenzake walitundika mikoba yao hapo, kwa sababu misumari ya ukutani haikutosha. Ijumaa jioni, akishajiona kwa karatasi, mabega yalishuka taratibu, naye alirudisha kila mkoba kwa mwenyewe.

Owino, fundi wa mashine ya kupasua, alikuwa na nywele. Nywele za Owino ziliacha kichwa wiki ya orodha, moja moja, zikashuka shingoni na mgongoni na kutoka kupitia uwanjani hadi getini zikiwa zimepanga foleni. Njau, askari wa geti, alizipekua kama alivyopekua watu wote wanaotoka, asije mtu akaficha makadamia. Hakuwahi kuzipata na kitu. Baada ya orodha, nyingine zilirudi. Nyingine zilisemekana ziko Kamenu, kwa kinyozi mmoja, na zinaendelea vizuri.

Ngendo yeye alikuwa na taya. Lilianza mwaka wa tatu wa kazi. Kwanza alisaga meno usingizini, na Gachau akazoea, akasema ni kama kulala karibu na posho mill ya kusagia mahindi. Halafu akaanza kukaza taya mchana pia, akifua, akiomba kanisani, akingoja mtu apokee simu. Taya lilinenepa pembeni, chini ya masikio, likawa na misuli miwili kama viazi vitamu. Mwaka wa saba alikata kufuli iliyokuwa imepoteza ufunguo. Majirani walimletea zingine tatu, akazikata pia, wakashukuru.

Basi Jumanne ikafika. Saa nne asubuhi mashine ya Owino ikapiga kelele ya ajabu ikasimama. Owino akaingia chini yake na spana, akabaki miguu tu nje. Mkanda ulisimama. Msimamizi, jamaa wa kutoka Machakos aitwaye Musau, aliwaambia wanawake wasiinuke, kwa sababu huenda mashine ikaamka wakati wowote, na yule ambaye hatakuwa kwa kiti chake jina lake linaweza kuwa na shida Ijumaa. Wanawake sitini wakakaa wakiangalia mkanda usiotembea.

Ngendo alikuwa anafikiria Ijumaa. Mbele yake kulikuwa na makadamia moja ambayo haikupasuliwa, imetokea tu kwenye mashine na ganda lake lote. Mkono wake uliichukua bila kumwuliza. Alipopata fahamu ilikuwa tayari katikati ya magego, na taya likawa limekaza, na ukumbi mzima ukasikia *ka*.

Ulikuwa mlio mdogo na safi. Miguu ya Owino ilisimama kutikisika. Musau akaja akitembea kwa utaratibu, maana hakuwa mtu wa kukimbia, akasimama nyuma ya Ngendo.

"Mama Kui," akasema. "Tema."

Ngendo akatema mkononi. Ganda lilikuwa limefunguka nusu mbili sawasawa, na katikati kulikuwa na kiini kizima, kinang'aa, bila hata alama ya jino. Musau alikiinua akakiangalia kwa mwanga wa dirisha. Mashine ya Owino, hata ikiwa na afya, ilivunja vitatu katika kila kumi. Musau akaweka kile kiini kwenye mfuko wa koti lake. Akamwambia Ngendo kwamba ametia mali ya kampuni mdomoni na afuatane naye ofisini, na njiani achukue makadamia mengine ishirini.

Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Bwana Gathogo. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na mgongo wake ulikuwa umepinda mbele ukawa bapa kama meza, kwa sababu yeye naye alikuwa na mkataba wa miezi sita na wakubwa wa Nairobi walimpigia simu kila siku. Katibu wake aliweka mafaili hapo mgongoni. Bwana Gathogo alizungumza akiangalia sakafu, na watu walizoea kumsikiliza wakiangalia mafaili.

Alisikiliza shtaka. Halafu akaomba aone. Ngendo akapasua yale ishirini, moja baada ya nyingine, akatema viini ishirini vizima kwenye sahani. Bwana Gathogo aliuliza kama inauma. Ngendo akasema inauma, lakini iliuma hata kabla hajatia kitu. Akauliza kama anaweza kuendelea hivyo kutwa. Ngendo akasema taya hilo halijapumzika tangu mwaka wa tatu wa kazi, kwa hivyo yeye haoni tofauti.

Bwana Gathogo akasema shtaka linabaki pale pale, na adhabu itaangaliwa baadaye. Kwa sasa angependa taya liandikishwe. Mkaguzi wa usafi akaja akalipiga dawa, akaagiza lioshwe kwa klorini asubuhi na jioni kama vyombo vingine. Chini ya kidevu akabandika kibandiko cha namba, maana kila kinachofanya kazi kiwandani kina namba. Halafu wakasema lazima daktari athibitishe kwamba chombo ni kizima, bima isije ikaleta maneno.

Jumatano asubuhi Ngendo akaenda kwa Daktari Hiral, daktari wa meno katikati ya mji, mwanamke aliyezaliwa Thika hiyo hiyo na aliyeongea Kikuyu kizuri kuliko vile wajukuu wa Ngendo wangeongea kama angekuwa nao. Daktari alimlaza kwenye kiti, akatia kidole kilichovaa glavu, akakitoa haraka.

"Unangoja nini, Mama?" akauliza.

Ngendo hakuelewa. Akasema hangoji mtu, amekuja peke yake.

Daktari Hiral akaketi. Alieleza polepole, kama mtu anayeonyesha mwingine njia. Alisema mwili haujui kusoma karatasi. Mwili ukisikia kuna hatari, unafikiri ni chui. Basi unajiandaa kwa chui. Moyo unakimbia, damu inapanda, sukari inamwagwa kwenye damu ipate kupeleka miguu, tumbo linaacha kusaga chakula linakoroga asidi, shingo na mabega na taya vinakaza. Hilo si baya. Chui akija ukakimbia, au akapita zake, mwili unalegea, unalala, unajitengeneza.

"Sasa huyu wako haji na haendi," akasema daktari. "Anakaa hapo getini tu. Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi hiyo si taya tena. Hiyo ni geti limefungwa miaka kumi na mmoja."

Ngendo akauliza dawa ni gani. Daktari akasema vidonge vya maumivu atampa, na maji ya moto kwa kitambaa, na asilalie upande mmoja, lakini hivyo ni vya kupooza tu. Dawa yenyewe akaiandika kwa kampuni, kwenye karatasi yake yenye picha ya jino. Aliandika kwamba mgonjwa aambiwe ukweli kuhusu kazi yake, mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Akaongeza chini kwamba mgonjwa akipata uhakika, taya litarudi kuwa taya la kawaida kwa muda wa kama miezi miwili, na hatakata vijiko tena.

Ngendo aliipeleka karatasi hiyo mwenyewe. Aliamini kwamba imebeba barua yake ndani, kama yai lilivyo na kifaranga.

Bwana Gathogo aliisoma ikiwa sakafuni, mahali alipoona vizuri. Aliisoma mara mbili. Wakati huo habari ilikuwa imetoka ukumbini kwamba Owino amefungua mashine na kukuta roli mbili zimekatika, na vipuri viko kwenye meli ambayo haijafika Mombasa. Kontena la wanunuzi lilitakiwa wiki inayofuata.

"Daktari anasema ukitulia, taya litalegea," akasema Bwana Gathogo.

"Ndio."

"Unaona shida hapo, Mama Kui."

Ngendo aliiona. Alikuwa na bahati mbaya ya kuielewa upesi. Kampuni ilihitaji taya lenye nguvu, na nguvu za taya zilitoka kwa kukosa barua. Ukimpa barua, unaharibu mashine. Bwana Gathogo akasema kwa huruma kabisa kwamba kama ingekuwa ni yeye peke yake, angempa hata leo. Faili moja likateleza mgongoni, katibu akalirudisha.

Jioni hiyo Ngendo alipita nyuma ya kiwanda na Dianah, wakielekea stejini kupanda gari. Dianah alikuwa amefika mabega ya Jumatano, kwa hivyo Ngendo ilibidi amgonge bega ndipo amsimulie. Dianah alisikiliza yote, na kwa sababu haikuwezekana kumwona uso, ilikuwa vigumu kujua anafikiria nini.

"Wewe ni mjinga, Mama Kui," akasema kutoka ndani. "Si uko na mdomo? Ufunge."

Alhamisi Ngendo aliingia kazini akiwa ameufunga. Musau alimwekea gunia la makadamia, na kikapu cha viini, na ndoo ya maganda, na Ngendo akaketi katikati yake kama mtu anayengoja kupigwa picha. Musau akamwomba afungue. Akamwomba tena kwa kumwita dada. Kisha akamwita Owino na spana yake ndefu kuliko zote. Owino, ambaye kufikia hapo alikuwa na unywele mmoja na ulikuwa ukijiandaa, alijaribu kuingiza ncha ya spana kati ya midomo. Alifanya kwa adabu, akiomba radhi. Spana ilipinda. Akaitoa, akaipima kwa macho, akasema itafaa kwa bomba la choo cha wanaume, limekuwa likihitaji spana ya namna hiyo.

Saa sita Bwana Gathogo alishuka mwenyewe kutoka ofisini. Alimwuliza Ngendo anataka nini. Ngendo akachukua kipande cha katoni na kalamu ya kuandikia mabunda. Aliandika kwa herufi kubwa: NATAKA BARUA YA KUDUMU.

Na hapo ndipo alipokosea. Ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye mdomo uliofungwa na kalamu nene angelifanya. Hakuandika ni barua ya nani.

Bwana Gathogo alichukua katoni, akapanda ofisini, akapiga simu Nairobi. Walizungumza hadi saa kumi. Wanawake sitini walikaa mbele ya mkanda usiotembea. Mabega ya Dianah yaligusa taa.

Ijumaa asubuhi Ngendo aliitwa. Barua ilikuwa juu ya mgongo wa Bwana Gathogo, ikiwa na mhuri wa buluu. Ngendo aliuona mhuri kabla ya kuona maneno. Alikuwa ameufikiria mhuri huo kwa miaka mingi na ukawa mzuri kuliko alivyoufikiria. Halafu akasoma. Alisoma polepole na kidole, kama alivyofundishwa shuleni.

Barua ilisema kwamba kampuni, baada ya kuzingatia mgomo uliofanywa na taya, imeamua kuajiri taya hilo kwa masharti ya kudumu kuanzia mwezi wa nne. Taya litapata bima ya matibabu, likizo ya siku ishirini na moja kila mwaka, na zawadi za sikukuu. Sehemu zingine zote za mwili wa Bibi Ngendo zitaendelea kama vibarua wa miezi mitatu kama kawaida.

"Aliyegoma ni taya," akaeleza Bwana Gathogo. "Mikono yako ilikuwa imetulia tu."

"Na mimi?"

"Wewe utaendelea kuwa na wasiwasi, Mama Kui. Daktari ametuonyesha umuhimu wake."

Ngendo akaomba apewe saa moja. Akampigia Gachau, aliyekuwa amepiga magoti kwenye bafu la mtu huko Ruiru akipanga vigae. Gachau akasema katika ukoo wao wote, upande wake na upande wa Ngendo, hakuna aliyewahi kupewa barua ya kudumu, hata kidole.

"Chukua," akasema. "Mwaka huu taya, mwaka ujao shingo. Ukifika kustaafu utakuwa umeingia mpaka kiunoni."

Ngendo akarudi. Akataka kalamu, lakini Bwana Gathogo akasema mkono wa kibarua hauwezi kutia sahihi ya mfanyakazi wa kudumu. Kwa hivyo taya lilitia sahihi lenyewe. Ngendo aliuma karatasi pale chini, meno ya juu na ya chini, na katibu akaandika tarehe pembeni. Saa kumi jioni orodha ilibandikwa. Jina lake lilikuwa la thelathini na nane, na mbele yake palikuwa na maneno, "isipokuwa taya." Wenzake walimpongeza. Dianah, mabega yakishuka, alimwambia kwamba sasa asiwasahau.

Mwezi wa nne kazi ilikuwa nyingi. Ngendo aliketi kwenye kiti cha pekee chenye mto, kwa sababu wafanyakazi wa kudumu walikuwa na haki ya mto, ingawa mto huo uliwekwa chini ya kidevu. Mchana alipasua, jioni alioshwa klorini. Wanawake walimtania, wakamwita Bosi wa Juu na wakasema shingo yake sasa ni mpangaji wa taya. Pasaka kampuni ilitoa unga na mafuta ya kupikia kwa wa kudumu. Musau alisimama na daftari akiita majina, na ilipofika zamu ya taya, Ngendo alinyoosha mikono kupokea. Musau akasema pole, sheria ni sheria. Ngendo akapokea unga kwa meno, akatoka nao hivyo mpaka getini, akarudi kuchukua mafuta.

Mwezi wa tano, vipuri vilipofika na mashine ya Owino ikaamka, taya lilienda likizo. Barua ilisema siku ishirini na moja na kampuni iliheshimu barua. Kwa siku hizo Ngendo alifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, na hakuruhusiwa kulitumia kwa lolote ndani ya kiwanda, wala kutafuna, wala kupiga miayo, wala kumjibu Dianah. Sehemu zake zingine zilikuwa mkandani kama kawaida, kwa maana hazikuwa na likizo. Taya lilipumzika. Kufika siku ya kumi na nne Ngendo alihisi misuli ya pembeni imepungua kidogo, na akala mkate bila kuumia. Gachau akanunua kijiko kimoja kujaribu. Ngendo akaonja uji nacho, akakitoa kizima, wakakiangalia wote wawili.

Musau alipopima taya liliporudi kazini, alikuta linavunja kiini kimoja katika kila hamsini. Aliandika. Bwana Gathogo akasoma.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, saa kumi jioni, orodha ilibandikwa getini. Dianah alijiona, mabega yakateremka. Owino alijiona, na nywele chache zilizokuwa zimefika barabarani zikageuka. Ngendo alisoma kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Hakuwa ameandikwa. Alimwendea Bwana Gathogo, naye akamweleza akiangalia viatu vyake kwamba hesabu ilionyesha mikono ya Ngendo ilichagua viini kwa siku ishirini na moja tu katika miezi mitatu, miguu ilikuwa imekaa, na mgongo ulikuwa umeegemea. Kampuni ilikuwa inapunguza vibarua. Taya halikuguswa. Taya lilitarajiwa Jumatatu saa mbili kamili, na likichelewa litaandikiwa onyo.

Ngendo alienda nyumbani. Alitembea polepole, ingawa meno yake yalikuwa na haraka.

Jumatatu saa mbili kasorobo alikuwa getini. Njau askari alimwangalia, akaangalia orodha yake ya wa kudumu, akaangalia orodha yake ya vibarua. Njau alikuwa mtu wa haki.

"Taya ingia," akasema. "Wewe mwingine, unaenda wapi?"

"Nimelileta."

Njau alikuna shingo. Hakukuwa na njia ya kuruhusu moja bila nyingine, hilo aliliona, lakini hakuwa na idhini ya kuingiza mtu asiye kwenye orodha. Akatoa kitabu cha wageni. Akaandika jina la Ngendo, na anakotoka, Gatongora, na saa ya kuingia. Akampa kadi ya mgeni avae shingoni. Alimkumbusha kwamba mgeni haruhusiwi kuketi mkandani wala kutumia choo cha wafanyakazi, na asiguse chochote.

Basi Ngendo alisimama. Alisimama kando ya gunia, mgeni, na Dianah akawa anamtilia makadamia mdomoni kwa upande, maana mikono ya mgeni haikuruhusiwa kugusa. Alisimama akifikiria mwezi wa saba, na wa nane, na wa tisa. Taya lilipasua siku hiyo kuliko siku zote tangu liajiriwe. Hakikuvunjika hata kiini kimoja. Musau alipita mara tatu na daftari, na mara ya tatu akamletea Ngendo glasi ya maji, kama anavyofanyiwa mgeni.

Saa kumi na moja jioni Ngendo alirudi getini. Njau alimpekua, akapokea kadi, akaandika saa ya kutoka. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wamechoka.

"Kesho utakuja tena?" Njau akauliza.

Ngendo akatikisa kichwa kukubali. Kufungua mdomo kulimshinda. Njau akaona afadhali amalize kazi yote mara moja, asubuhi kusiwe na msongamano. Akafungua kurasa za mbele, akaandika jina lake kwa kesho, na kesho kutwa, na siku zote mpaka mwisho wa kitabu, na kila mahali palipouliza mgeni amekuja kumwona nani, akajaza kwa mwandiko wake mzuri: Taya.